Damu Mbili Katika Tyubu Moja

Mwaka 1947 daktari wa Buenos Aires, Alfredo Pavlovsky, alichapisha jambo ambalo wenzake hawakujua walifanyie nini. Alikuwa na wagonjwa wawili wa hemofilia, kila mmoja na damu isiyotaka kuganda. Alipochanganya damu ya huyu na ya yule, mchanganyiko uliganda. Damu mbili mbovu, zikiwekwa pamoja, zilifanya kazi ya damu nzima.

Sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Wagonjwa wale hawakuwa na ugonjwa mmoja. Mmoja alikosa protini iitwayo fakta ya nane, mwingine alikosa fakta ya tisa, na kila mmoja alikuwa nayo ile aliyoikosa mwenzake. Lakini vitabu vya wakati ule vilitambua hemofilia moja tu. Ilipita miaka mitano mpaka Rosemary Biggs na wenzake wa Oxford walipoutenga ule ugonjwa wa pili na kuupa jina la mtoto wa miaka mitano waliyempima, Stephen Christmas. Makala yao ilitoka katika British Medical Journal tarehe 27 Desemba 1952. Tarehe hiyo, nadhani, wahariri waliichagua wakitabasamu.

Kipimo cha kuchanganya hakijazeeka. Hata leo, mtoto anayetokwa damu bila kukoma akifikishwa hospitali ya rufaa, damu yake huchukuliwa kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu, ambayo ndani mna sitreti ya kuizuia isigande njiani: sehemu moja ya sitreti kwa sehemu tisa za damu. Tyubu ikijazwa nusu, uwiano unavunjika na majibu yote yanaharibika. Ni kosa la kila siku katika wodi zenye haraka. Damu ikishazungushwa na plazima kutengwa, mtaalamu wa maabara huweka sehemu ndogo, moja ya kumi ya mililita, kwenye tyubu iliyosimama ndani ya maji ya nyuzijoto 37. Huongeza kitendanishi, husubiri dakika chache, kisha hutia kloridi ya kalsiamu na papo hapo hubonyeza saa. Hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Anaiinamisha tyubu, anaiinua, anaiinamisha tena mbele ya taa, mpaka kile kilichokuwa kinatiririka kama maji kinaposhika kioo na kutulia. Kwa mtu mwenye afya ni kama sekunde 30 hadi 40. Kwa mtoto mwenye hemofilia kali, sekunde 80 zinaweza kupita na tyubu bado inatiririka.

Kisha hurudia, safari hii nusu plazima ya mtoto na nusu ya mtu mwenye afya. Muda ukirudi kuwa wa kawaida, basi kuna kitu kilichokosekana, na sasa kimeletwa. Usiporudi, mwilini mwa mtoto mna kingamwili zinazoishambulia hata fakta ya mwenye afya, na matibabu yake ni mengine kabisa. Kingamwili za fakta ya nane zina ujanja: huchelewa kuonyesha makali. Kwa hiyo mchanganyiko huachwa kwenye joto saa moja au mbili kabla ya kupimwa upya. Kazi yote hiyo haitaki mashine ya mamilioni. Inataka maji yenye joto thabiti, saa, kitendanishi ambacho hakijapitwa na muda, na mtu aliyefundishwa vizuri.

Mtu huyo ndiye adimu, na uhaba wake unaonekana kwenye hesabu. Makadirio yaliyochapishwa 2019 kutokana na sajili za nchi zinazoweka kumbukumbu nzuri yanaonyesha kuwa katika kila wanaume 100,000, karibu 17 wana hemofilia A, ile ya fakta ya nane, na karibu wanne wana hemofilia B, ile ya fakta ya tisa. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu wanaume milioni 30 hivi. Zidisha, utapata watu zaidi ya 6,000. Wanaojulikana kliniki ni sehemu ndogo tu ya hao. Wengine wako wapi? Baadhi wamekufa wachanga, baadhi wanatembea kwa magongo huku jirani wakidhani ni polio, na baadhi wanaishi na hemofilia nafuu wasiijue mpaka siku ya kung'olewa jino.

Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, kipimo cha kwanza cha hemofilia kimekuwa jando. Kijana anatahiriwa na wenzake, wenzake wanapona, yeye anaendelea kuvuja siku ya tatu. Si jambo la huku kwetu pekee. Talmudi ya Wayahudi, karne nyingi zilizopita, ilimsamehe tohara mtoto ambaye kaka zake wawili walikufa kwa kutahiriwa, na al-Zahrawi, mpasuaji wa Andalusia, aliandika juu ya kijiji ambacho wanaume wake walivuja damu mpaka kufa kwa majeraha madogo. Walichokiona wote ni kwamba maafa haya hufuata ukoo. Muuguzi mzoefu haanzi na maneno ya jeni. Huuliza: "Mama, upande wako kuna mjomba yeyote aliyepata shida jandoni? Au aliyekuwa akivimba magoti?" Mama hunyamaza, kisha humkumbuka mjomba aliyezikwa yeye akiwa mdogo, ambaye kifo chake kilisemwa ni cha kurogwa. Jeni ya hemofilia hukaa kwenye kromosomu ya X, na mwana wa kiume huipata kutoka kwa mama. Ndiyo maana swali linamhusu mjomba, halimhusu ami. Ndiyo maana pia lawama humwangukia mama, na kliniki nzuri hutumia nusu ya mazungumzo kuiondoa. Katika karibu theluthi moja ya familia hakuna mjomba wala babu wa kukumbukwa: badiliko la jeni ni jipya.

Sasa tuingie ndani ya tyubu. Plazima ina protini iitwayo fibrinojeni. Mshipa ukikatika, fakta huamshana moja baada ya nyingine, na mwishoni kimeng'enya kiitwacho thrombini hukata ncha za fibrinojeni. Molekuli zilizobaki hushikana ncha kwa ncha na ubavu kwa ubavu, zikawa nyuzi ndefu za fibrini. Molekuli ndogo zilizofungamana kuwa uzi mrefu ni polima, kundi moja na nailoni ya mshipi wa mvuvi. Donge la damu ni polima ambayo mwili huitengeneza kwa sekunde, mahali inapotakiwa, kisha huivunja kazi ikiisha. Fakta ya nane na ya tisa huhakikisha thrombini inakuja kwa wingi na kwa wakati. Zikikosekana, uzi unatengenezwa lakini dhaifu na umechelewa. Kwa hiyo mwenye hemofilia hatokwi damu kwa kasi kuliko wewe. Hutokwa kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi pasipoonekana. Damu huvilia kwenye goti, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mguu, na ikivilia mara kwa mara huula ukuta wa kiungo mpaka kikakakamaa.

Polima zina tabia moja ambayo historia ya dawa za hemofilia inaitegemea: hazichanganyiki kirahisi. Chukua shanga nyekundu na nyeupe zilizo huru, ziweke bakulini, utikise. Zitachanganyika zenyewe, kwa kuwa namna za kuchanganyika ni nyingi mno kuliko namna za kujitenga. Sasa zitunge, elfu moja nyekundu kwenye uzi mmoja na elfu moja nyeupe kwenye mwingine. Kila ushanga umefungwa kwa jirani yake, hauendi utakako. Msukumo wa kuchanganyika unabaki mdogo sana, na chuki kidogo tu kati ya nyekundu na nyeupe inatosha kuzitenga. Hesabu za jambo hili ziliandikwa 1941 na 1942 na Wamarekani wawili, kila mmoja kivyake, Maurice Huggins na Paul Flory. Flory alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1974. Wanaorejeleza taka wanaijua hesabu hiyo hata kama hawajaisoma: plastiki za aina mbili zikiyeyushwa pamoja bila kuchambuliwa hutoa kitu kinachomeguka mkononi.

Ukaidi huo uligeuzwa kuwa chombo mjini Cape Town. Mwaka 1964 Alfred Polson na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba polima ndefu zinazoyeyuka majini zinaweza kuzitenga protini za plazima. Waliyoipendelea ni polietilini glaikoli, PEG kwa kifupi, ambayo leo imo katika marhamu na dawa za kulainisha choo kwenye kila duka la dawa. PEG huyapenda maji na hujitandaza ndani yake, ikichukua nafasi. Protini kubwa zinajikuta hazina pa kukaa, zinasongamana zenyewe kwa zenyewe, zinaanguka chini. Ongeza PEG kidogo, inaanguka fibrinojeni. Ongeza tena, zinafuata nyingine. Haichomi protini kama alkoholi, wala haihitaji baridi kali.

Mwaka huohuo Judith Graham Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kuwa plazima iliyogandishwa, ikiyeyushwa taratibu kwenye ubaridi, huacha mashapo meupe yenye fakta ya nane nyingi. Mashapo ya Pool na PEG zikakutana viwandani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Badala ya mgonjwa kulazwa na kutundikiwa chupa za plazima kwa saa nyingi, akapewa kichupa cha unga wa kuyeyusha na kujidunga nyumbani. Vijana waliokulia wodini walianza kwenda shule na kazini.

Halafu mchanganyiko uleule ukawaua. Unga huo ulitengenezwa kwa kumwaga pamoja plazima ya maelfu ya watu, nyingi ikinunuliwa Marekani, na mtoaji mmoja mwenye virusi alitosha kulichafua pipa zima. Nchini Uingereza watu wapatao 1,250 wenye magonjwa ya kuvuja damu waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo, 380 kati yao wakiwa watoto, na karibu robo tatu yao wamekufa. Uchunguzi wa hadhara ulioongozwa na Sir Brian Langstaff, uliotoa ripoti Mei 2024, haukuliita janga hilo ajali: ulisema sehemu kubwa ingeweza kuepukwa, na kwamba ukweli ulifichwa. Stephen Christmas, yule mtoto wa 1952, alikufa kwa UKIMWI mwaka 1993. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 unga ulianza kupitishwa kwenye joto, kisha kwenye viyeyusho vinavyoharibu ganda la virusi. Jeni ya fakta ya nane ilikuwa imekwisha kunakiliwa 1984, na 1992 ikaidhinishwa fakta iliyotengenezwa na seli za maabara, isiyotegemea pipa la plazima.

Baada ya hapo PEG ilirudi kwa mlango mwingine. Fakta ya nane iliyodungwa haidumu. Baada ya saa 12 hivi nusu yake imekwisha. Wanakemia wakaifungia mkia wa PEG. Mkia huo hujizungushia maji, na ini linashindwa kuikamata protini iliyo ndani. Polima iliyokuwa ikiifukuza fakta kutoka kwenye maji sasa inaisindikiza ndani yake, na saa 12 zikawa 18 au 19. Njia nyingine ni kuiunganisha fakta na kipande cha kingamwili ya binadamu, nayo matokeo yake yanakaribiana. Kisha pakatokea ukuta: fakta ya nane husafiri imebebwa na protini nyingine ndefu, ya von Willebrand, nayo ikiondoka mwilini huondoka na abiria wake. Ukuta huo ulivukwa na dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, iliyoachanishwa na mbebaji huyo na kufungiwa mikia ya amino asidi inayoiga tabia ya PEG. Hiyo hudungwa mara moja kwa wiki.

Kwa mtoto wa Montreal, saa sita za ziada ni sindano moja pungufu kwa wiki. Kwa mtoto wa Singida, anayetibiwa Dar es Salaam kilomita kama 700 kutoka kwao, ni jambo zito zaidi. Mwongozo wa matibabu unataka damu ikianza kuvilia kwenye kiungo adungwe ndani ya saa mbili. Hakuna basi la namna hiyo. Kinachomfaa ni kinga: kudungwa nyumbani kabla ya kuvuja, kwa dawa inayokaa. Baadhi ya fakta hizi zinaweza kukaa nje ya friji hadi miezi sita mradi joto lisizidi nyuzi 30, jambo ambalo kwa nyumba isiyo na umeme lina thamani kuliko tangazo lolote la kiwandani. Mama hufundishwa kuyeyusha unga: maji yashuke ukutani mwa kichupa, kichupa kizungushwe taratibu baina ya viganja, kisitikiswe kamwe, maana povu huiharibu protini.

Nani analipa? Shirikisho la Dunia la Hemofilia lilianzishwa Copenhagen mwaka 1963 na Frank Schnabel, mfanyabiashara wa Montreal aliyezaliwa na hemofilia kali. Naye UKIMWI ulimwua, mwaka 1987, na siku yake ya kuzaliwa, 17 Aprili, ndiyo Siku ya Hemofilia Duniani. Tangu 1996 Shirikisho lina mpango wa misaada ya dawa. Kwa miaka mingi ilikuja ile iliyobaki viwandani, mara nyingi ikiwa imekaribia kuisha muda, na daktari hakuthubutu kupanga upasuaji wa goti kwa dawa asiyojua kama itakuwepo mwezi ujao. Mwaka 2014 kampuni za Biogen na Sobi ziliahidi Shirikisho hadi yuniti milioni 500 za fakta za kudumu kwa miaka mitano. Hapo ndipo kliniki nyingi za Afrika zilipoweza kwa mara ya kwanza kuwaanzishia watoto kinga ya kila wiki.

Sisemi msaada huo ni mdogo. Lakini tuufanyie hesabu. Kipimo kinachotajwa na Shirikisho ni kwamba nchi inayotaka wagonjwa wake waishi, kuishi tu, inahitaji angalau yuniti moja ya fakta ya nane kwa kila raia kwa mwaka. Tanzania, kwa sensa ileile, ingehitaji karibu milioni 62. Ahadi nzima ya 2014 ilikuwa wastani wa milioni 100 kwa mwaka kwa nchi zote zinazosaidiwa. Wizara inayoridhika kwamba wafadhili wanashughulikia haijaipiga hesabu hii. Pana njia ya katikati, na nchi kama China na India zimeipita: kinga ya dozi ndogo, yuniti 10 kwa kila kilo mara mbili kwa wiki. Kwa mtoto wa kilo 20 ni yuniti 20,800 kwa mwaka, wakati dozi ya nchi tajiri, yuniti 25 kwa kilo mara tatu kwa wiki, ingefika 78,000. Haimlindi kikamilifu. Inamlinda kuliko kungoja avuje, na hiyo serikali zetu zinaweza kuanza kuinunua.

Ushirikiano ninaouthamini kuliko makasha ya dawa ni wa watu. Tangu miaka ya 1990 Shirikisho huunganisha vituo viwiliviwili, kimoja chenye uzoefu na kimoja kinachoanza, kwa miaka kadhaa. Eldoret ni mfano mzuri kwa sababu hapo udugu ulitangulia: vyuo vikuu vya Moi na Indiana vimekuwa pamoja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kituo cha hemofilia cha Indianapolis kilipoanza kushirikiana na Hospitali ya Moi kilikuta njia imekwisha kufyekwa. Wageni wa namna hiyo huja wakijua nani ana funguo za stoo. Kinachobaki wakiondoka ni daftari la wagonjwa, mtaalamu wa fiziotherapia anayejua goti la hemofilia halikandwi, na mtu wa maabara asiyekubali tyubu iliyojaa nusu.

Maabara hizo hukaguliwa kwa njia ninayoipenda kwa ukali wake. Kutoka Sheffield, Uingereza, hutumwa plazima iliyokaushwa, ileile kwa maabara za nchi nyingi. Kila moja huiyeyusha, huipima, hurudisha majibu. Aliyekosea hujulikana amekosea kwa kiasi gani, awe Ulaya au Afrika.

Na kazi ya maabara haipungui dawa zinavyoboreka. Mwaka 2019 kampuni ya Roche ilijiunga na mpango wa misaada kwa emicizumab, kingamwili iliyobuniwa Japani inayoishika fakta ya tisa kwa mkono mmoja na ya kumi kwa mwingine, ikifanya kazi ya fakta ya nane bila kufanana nayo. Ahadi ilikuwa kinga kwa hadi watu 1,000 kwa miaka mitano. Hudungwa chini ya ngozi, hata mara moja kwa wiki nne, haihitaji kuyeyushwa, na hufanya kazi hata kwa mwenye kingamwili dhidi ya fakta. Wazazi wanaifurahia, na wana haki. Ila inaivuruga tyubu: plazima ya mtu anayeitumia huganda kwa muda wa kawaida au hata upesi kuliko kawaida, ingawa fakta ya nane hana. Mtu huyo akipata ajali ya bodaboda mbali na kliniki yake, daktari wa zamu atapima, ataona sekunde 28, ataandika kwamba damu haina tatizo, na atampeleka chumba cha upasuaji. Kuipima fakta ya nane yake halisi kunahitaji kitendanishi maalumu kilichotengenezwa kwa protini za ng'ombe, ambazo emicizumab haizitambui. Kitendanishi hicho ni ghali, na kina tarehe ya mwisho. Mpaka kifike kwenye hospitali za kanda, kinga ya mgonjwa ni kadi mfukoni yenye jina la dawa na namba ya simu ya kliniki, na muuguzi wa zamu aliyefundishwa kuuliza kama ipo.